Mkutano wa asubuhi unaokula saa nzima

Swali:
Wenzangu, timu yetu ya watu tisa hapa Westlands huunda programu za simu. Mkutano wa kila asubuhi, ambao unapaswa kuchukua dakika 15, huendelea hadi chai ya saa nne, na maamuzi hufuata kauli ya meneja, ambaye hutangulia kusema. Tufanyeje?

Jibu la 1:
Acheni kumripotia meneja mmoja baada ya mwingine. Mwongozo wa Skramu (mfumo wa timu kufanya kazi kwa awamu fupi) uliorekebishwa mwaka 2020 uliyaondoa yale maswali matatu ya mkutano wa kila siku: nilifanya nini jana, nitafanya nini leo, na nina vikwazo gani. Sisi hupitia ubao unaoonyesha kazi zote za timu, kuanzia kazi iliyo karibu kukamilika, na mjadala unaowahusu watu wawili tu husubiri hadi wengine waondoke.

Jibu la 2:
Kwa maamuzi, jaribuni vidole: pendekezo husomwa, kisha wote huinua mkono kwa pamoja, ngumi ikiwa ni kukataa na vidole vitano kuunga mkono kikamilifu. Anayeonyesha viwili au pungufu hueleza kinachomtatiza. Kwetu, mwanagenzi aliinua kimoja, tukagundua kwamba malipo ya M-Pesa hayakuwa yamejaribiwa mtandao unapokatika. Meneja naye aseme mwisho.

Muuliza swali:
Nashukuru. Hilo la mwisho, sijui nani atamwambia.