Mjadala: Mchimbaji mdogo wa dhahabu aache zebaki, ashike sianidi?

Mleta mada: Wakuu, Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Bado kwenye mialo mingi (sehemu za kuoshea dhahabu) ya Geita na Chunya utamkuta mtu anavuruga zebaki kwenye beseni kwa mikono mitupu, anaikamua kwa kitambaa, kisha anachoma lile donge la zebaki na dhahabu palepale watoto wanapopita. Nasema tuhamie sianidi, sumu inayoyeyusha dhahabu, na kaboni inayoinasa. Zebaki inaacha dhahabu nyingi kwenye marudio (mchanga unaobaki baada ya kukamua), mara nyingi zaidi ya nusu. Mwenye matangi anayachukua, anayaloweka, anavuna kuliko aliyeshuka duarani, yaani shimoni. STAMICO, shirika la madini la taifa, walijenga vituo vya mfano Lwamgasa, Katente na Itumbi ili tuone kwa macho. Tunasubiri nini?

Mwenye duara: Tunasubiri hela, mkuu. Zebaki nakamua asubuhi, mchana vijana wamelipwa na deni la mama ntilie limeisha. Sianidi inataka tangi lijae, siku kadhaa za kuloweka, halafu kaboni ipelekwe kwenye mtambo wa mtu mwingine kutolewa dhahabu. Viroba vyangu 20 vitajaza tangi gani?

Fundi wa matangi: Mleta mada umeruka kitu. Marudio yaliyopitiwa na zebaki ukiyamwagia sianidi, zebaki nayo inayeyuka na kusafiri na maji. Mkataba huohuo unaitaja hiyo kati ya mbinu mbaya za kukomeshwa. Halafu chokaa ikipungua tangini, pH (kipimo cha asidi) ikashuka chini ya 10, inatoka gesi inayoua. Nani atakesha na kipimo usiku? Mimi ningeanza na meza ya kutikisa, inayotenga dhahabu kwa uzito: pata makinikia (mchanga mzito wenye dhahabu) machache bila zebaki kabisa, hayo ndiyo uyatie sianidi kwenye pipa dogo. Udongo mdogo, sumu kidogo, na viroba 20 vinatosha.

Mleta mada: Hilo la kuchanganya nakubali, zebaki itoke kwanza. Meza nunueni kwa kikundi basi.

Mwenye duara: Kikundi tunacho. Ila karasha, mashine ya kusaga mawe, si letu, na mwenye karasha anatusagia kwa bei ndogo kwa sharti moja: marudio yabaki kwake. Mtambo wowote utakaoniletea wa kukamua dhahabu yote kwangu, yeye anapandisha bei ya kusaga siku hiyohiyo. Anzeni na huyo.