Siku nne kutoka Nakuru hadi Kisumu na kurudi kupitia Kitale: tupitie vilabu na baa zipi za zamani?

Msafiri wa Bondeni, Nakuru

Hamjambo wenzangu. Mwezi ujao mimi na rafiki yangu, ambaye tumekuwa pamoja tangu shule ya upili, tunakusudia kutoka Nakuru siku ya Alhamisi, tupitie Molo na Kericho, tulale Kisumu, kisha turudi kwa njia ya Kakamega, Kitale, Soy na Eldoret. Hatufuati ulevi. Tunachotafuta ni zile baa za zamani zenye paa la mabati mekundu na mahali pa kuotea moto, ambako mbao za kaunta zimelainishwa na viwiko vya watu ambao wengi wao wamekwisha kufa, na ambako mhudumu amekaa miaka mingi kiasi cha kukumbuka kiti cha kila mzee. Uraibu huu nilipewa na mjomba wangu, aliyekuwa akinichukua kutazama kriketi pale Rift Valley Sports Club, katikati ya mji wetu, akaniachia soda barazani huku yeye akiingia ndani, na mimi nikabaki nikijiuliza ndani kuna nini.

Tatizo ni kwamba mwaka jana tulijaribu kuingia katika kilabu kimoja cha namna hiyo, nisichopenda kukitaja, na askari akaturudisha langoni kwa sababu hatukuwa wanachama na kwa sababu rafiki yangu alikuwa amevaa kandambili. Tuliishia kunywa soda kwenye kituo cha petroli ng'ambo ya barabara. Je, mtu asiye mwanachama huingiaje? Na katika njia hiyo, ni wapi panapostahili muda wetu?

Mstaafu wa Trans Nzoia

Kijana wangu, askari yule hakukuonea. Alifanya kazi aliyoajiriwa kufanya. Vilabu hivi ni vya wanachama, lakini vingi vina mlango mdogo unaoitwa uanachama wa muda, ambao hulipiwa kwa siku, au mwanachama mmoja anakuandika kitabuni kama mgeni wake. Piga simu ofisini siku mbili tatu kabla, uulize bei, uulize mavazi, na uulize pia kama kaunta inapokea pesa taslimu, kwa maana kuna mahali ambapo mgeni hawezi kununua hata chupa ya maji kwa noti yake mwenyewe, ila mwanachama atie sahihi au kadi itiwe pesa kwanza. Shati liwe na kola, viatu viwe vya kufunika vidole, na kofia ivuliwe mnapoingia. Ukiona kengele imening'inia kando ya kaunta, usiiguse kwa mzaha, kwa sababu desturi ya baa nyingi za aina hiyo ni kwamba anayeigonga huwanunulia wote waliomo.

Mkifika Kitale, msiishie baa. Katika uwanja wa Kitale Club kuna duara la mawe ambalo watu wa hapa husimulia kwamba watumwa walizuiliwa ndani yake zamani za misafara. Mimi hupenda kupita pale kabla sijaagiza chochote, na kusema kweli, bia haina ladha ile ile baadaye. Mji wenyewe ulikua baada ya reli kufika mwaka 1926, na ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu nyingi za nyanda hizi: mlowezi aliyeleta mahindi au pareto stesheni alihitaji pa kusubiri, na pale aliposubiri pakawa baa.

Binti wa Majani Chai

Ninaongeza jambo ambalo wasafiri wengi husahau, nalo ni saa. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo bado tunaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka baa za kawaida zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana siku za Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Siku hizi leseni hutolewa na kaunti, na vilabu na hoteli vina leseni za namna yake, lakini mkitoka Alhamisi mtapita Molo na Kericho wakati ambapo baa nyingi za kando ya barabara zimefungwa. Ijumaa nayo njiani ni vivyo hivyo, lakini tokeni Ijumaa asubuhi mpate faida ya mwisho wa juma: mtafika Kisumu jioni, Jumamosi iwaangukie Kitale, na Jumapili mchana muwe Soy, ambako kilabu cha zamani cha wakulima ndicho sababu ya kukata kona.

Kuhusu Kericho, ile Tea Hotel iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950 msiitegemee kwa chakula wala malazi kabla ya kupiga simu, kwani imechakaa vibaya. Kisumu ni habari nyingine. Ombeni uanachama wa muda Nyanza Club, mkae upande unaotazama Ghuba ya Winam kabla jua halijazama, kisha mnyamaze.

Omwami wa Kakamega

Nimesoma yote kwa heshima, ila ninyi mnaposema kilabu mna maana ya wazungu, na sisi tukisema kilabu tuna maana ya busaa. Hizo kaunta mnazozitamani zilikuwa na mlango wa mbele ambao babu zetu hawakuupita isipokuwa wamebeba sinia, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa hata kununua bia ya chupa. Hata hapa Kakamega, walowezi waliomiminika kutafuta dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuta watu wana pa kunywea pao.

Kwa hiyo mkipita huku, tafuteni mwenyeji awapeleke kwa mama anayepika busaa kwa kibali. Mtaona unga wa mahindi uliochachushwa ukikaangwa juu ya bati pana hadi uwe na rangi ya kahawia na harufu ya mkate, kisha ukichanganywa na maji na kimea cha wimbi. Wazee bado huketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji moto huongezwa chunguni pole pole kadiri mazungumzo yanavyoendelea. Hakuna anayeulizwa viatu.

Msafiri wa Bondeni, Nakuru

Ahsanteni sana. Omwami, hoja yako imenigusa mahali, kwa sababu mjomba wangu alipoanza kazi katika mji huu hakuweza kuingia alikokuja kuniacha barazani. Tumeisogeza safari hadi Ijumaa, tumeondoa Molo, na Jumamosi mchana tutasimama Kakamega kabla ya Kitale. Tumepeana zamu: anayeendesha siku hiyo hagusi kileo, wala hasubiri Alcoblow, kile kifaa cha kupima kileo kwenye pumzi za dereva, kimkumbushe. Kura imeniangukia mimi Jumamosi, kwa hiyo busaa nitaionja kwa pua tu. Rafiki yangu amekwisha kununua viatu.