Modemu ya 56K ni sawa na ngapi kwa spidi za leo?

Mtoto wa Makole
Wakuu habari za jioni. Nipo Makole nasafisha stoo ya mjomba, enzi zake alikuwa na stesheneri yenye kompyuta za intaneti, sasa nimekutana na modemu ile ya kuchomeka kwenye simu ya mezani, ina vitaa vyekundu mbele na chini imebandikwa 56K V.90. Namuuliza ilikuwa na spidi gani ananiambia "hamsini na sita, ilikuwa moto hiyo". Hamsini na sita nini sasa? Maana mimi nikipima spidi kwenye simu naona 12 Mbps ila nikishusha faili inaenda 1.4 MB kwa sekunde, hapo tu nishavurugwa. Na lile bando langu la mwezi nikimaliza GB za kasi wananishusha mpaka 64 kbps. Ina maana hata hapo bado namzidi mjomba?? Nipeni hesabu.

Fundi Nkuhungu
Mkuu angalia ukubwa wa herufi. b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Watu wa mtandao wanauza kwa biti, simu inakuonyesha faili kwa baiti, ni sawa na mtu anakuuzia karanga kwa kibaba halafu wewe nyumbani unapima kwa debe. 12 Mbps gawanya kwa 8 unapata 1.5 MB kwa sekunde, hiyo 1.4 yako iko sawa kabisa.

Modemu ya mjomba ni 56,000 biti kwa sekunde, gawa kwa 8 ni baiti 7,000, yaani KB 7. Na hapo ni kushusha tu, kupandisha V.90 (ndio kiwango cha modemu hiyo) ilikuwa inaishia 33.6 kbps, KB 4 na kidogo. Kwa hiyo simu yako ni kama mara 214 ya ile modemu. Wimbo wa MB 4 ungemchukua dakika 9 na nusu kama laini haijakatika, na ilikuwa inakatika, mtu akinyanyua tu mkonga wa simu chumba cha pili kwisha habari.

Zabibu Kavu
Sisi tulikuwa tunagawanya kwa 10 bana, sio 8. 56K ni KB 5 na pointi.

Fundi Nkuhungu
Hiyo ya 10 inatokana na waya kati ya kompyuta na modemu, pale kila baiti inabebwa na biti moja ya kuanzia na moja ya kumalizia, jumla 10. Lakini kwenye laini ya simu yenyewe modemu za V.42 (kiwango cha kurekebisha makosa) zilikuwa zinazitoa hizo mbili, kwa hiyo hesabu inarudi 8. Mlichokuwa mnakiona KB 5 ni kwa sababu hakuna aliyekuwa anapata 56 kamili, laini ikiwa na kelele unaunganishwa 44,000 au chini ya hapo, halafu na vichwa vya pakiti (maelezo ya anwani yanayosafiri na kila kipande cha data) navyo vinakula chao.

Babu Laini
Na wale waliokuwa wanatamba kompyuta inawaandikia 115,200, hiyo ilikuwa spidi ya huo waya wa kati ya kompyuta na modemu, sio ya intaneti 😂

Kijana kuhusu 64 yako. Sauti ya simu ikifika kwenye mtambo wa kidijitali inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, zidisha upate 64,000. Hiyo ndio dari ya laini moja ya simu, ndio maana modemu ziligota 56 na hazikuvuka, sio kwamba mafundi walichoka. Kwa hiyo kwa namba ndio unamzidi mjomba, KB 8 kwa 7. Ila kwa raha hapana, yeye alikuwa anafungua kurasa za maandishi na vipicha viwili vya KB chache, wewe unafungua ukurasa wa MB 2 ambao kwa spidi hiyo ni zaidi ya dakika 4, na programu nyingi za leo hazina subira hiyo, zinakata zenyewe zinakuandikia hakuna mtandao.

Mtoto wa Makole
Aisee ndio maana nikishushwa meseji za maandishi zinaingia ila picha inazunguka tu. Nimeelewa wakuu, asanteni. Sasa hii modemu naweza kuiwasha hata nione taa? Adapta yake sijaiona.

Babu Laini
Soma kwanza pale kwenye tundu la umeme. Baadhi zilikuwa zinakula volti 9 za AC, sio DC kama ruta za sasa, usije ukachomeka adapta yoyote kisa pini imeingia. Na mwambie mjomba asiitupe, mimi nipo Area C nitaichukua.