Sola ya nyumba ya mbao Kajiado: betri gani?

Mkaazi wa Donholm: Wakuu, nina kanyumba ka mbao huko Kajiado, nguzo za stima ziko mbali. Nataka taa tano za wati 7, tivi ya wati 60 na friji ndogo. Muuzaji mmoja Luthuli Avenue ananisukumia betri ya gari na paneli ya wati 200. Itatosha kweli?

Fundi Umoja: Wapi! Betri ya gari kazi yake ni kuwasha injini. Ukiinyonya kila usiku itakufa mapema. Piga hesabu kwanza. Zidisha wati kwa saa za matumizi: taa kwa saa 5 ni 175, tivi kwa saa 4 ni 240, friji tuseme 700. Hapo umeshapita wati-saa 1,100 kwa siku. Chukua betri ya lithiamu ya volti 24, ampea-saa 100, ikubebe karibu siku mbili za mawingu. Paneli wati 500, maana jua la Julai ni la kubembeleza.

Mkaazi wa Donholm: Nizielekeze wapi?

Fundi Umoja: Kaskazini, tuko kusini mwa ikweta. Ziinamishe nyuzi 10 hivi, mvua ioshe vumbi.

Mama Kuku: Na ufunge nati za kuzuia wezi, tafadhali!