Fundi kaunganisha kushoto na kulia katika tundu moja, kisha akanicheka mbele ya wateja

Ndugu zangu wa Mwanza, ninaandika mikono ikinitetemeka kwa hasira. Yule fundi wa njia ya Kirumba simtaji jina, kwa kuwa kila aliyewahi kumiliki redio mbovu katika mji huu anamjua, na kicheko chake anakijua. Nilimpelekea priampu (kifaa cha kurekebisha sauti kabla haijafika kwenye ampu kubwa) ya stereo ya miaka ya 1970 niliyoachiwa na marehemu baba, pamoja na sabufa mpya yenye ampu ndani yake. Aliipuliza vumbi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi Ukerewe: "Mzee, hii ni ya kupimwa kwa kilo kwenye vyuma chakavu." Wateja wakacheka.

Kisha akafanya lile nisiloweza kumsamehe. Priampu ile ina jozi mbili za matundu ya kutolea sauti. Moja inakwenda kwenye ampu kubwa, ya pili ilikuwa wazi, na ilihitaji waya mbili tu, kushoto kwa kushoto na kulia kwa kulia, halafu kichujio cha sabufa, kinachobakiza besi tu, kiwekwe karibu na hezi 80. Yeye akachukua waya wa matawi mawili, akachomeka tawi moja kushoto na jingine kulia, akaingiza ncha yake moja kwenye tundu la sabufa lililoandikwa LFE, yaani la kupokea besi iliyokwisha kuchujwa. Kushoto na kulia katika tundu moja! Ukifanya hivyo kila upande unausukumia mwenzake umeme, na stereo inageuka mono hata kwenye spika kubwa. Tundu la LFE nalo, katika sabufa hii kama katika nyingi, linakiruka kichujio, hivyo mwimbaji wa kike akaanza kunguruma chini ya meza kama kiboko. Fundi akacheka tena: "Umeisikia besi, mzee?"

Kushoto na kulia, ndugu zangu. Katika tundu moja. Huku akicheka.

Mvuvi wa Igombe: Pole sana, kaka. Huyo huyo aliniunganishia sabufa kwenye tundu la kurekodia kanda, ambalo halifuati kitasa cha sauti cha priampu. Nikipunguza sauti usiku, spika zinanyamaza, lakini sabufa inaendelea kuwaamsha majirani wote wa Mabatini.

Jiwe Kubwa: Mleta uzi, kama unajua hadi hezi za kichujio, fundi ulimtafutia nini? Waya hizo mbili ungezichomeka mwenyewe kabla chai haijapoa.

Mleta uzi: Nilimwambia atoe waya ule, naye akanijibu kwa kicheko mbele ya watu. Hilo ndilo ninalolalamikia.

Mama Sauti: Wewe una jozi ya pili, shukuru. Priampu yangu haina, kwa hiyo fundi wa Nyakato alichukua sauti kwenye vishikio vya spika vya ampu na kuipeleka kwenye matundu ya sabufa ya kazi hiyo. Njia ni halali kabisa. Ila upande mmoja aligeuza chanya na hasi, na kwa kuwa besi nyingi hurekodiwa sawa pande zote mbili, ikajifuta yenyewe. Alinitoza hela kamili kwa ukimya.

Kijana wa Pasiansi: Ukimya ni nafuu, mama. Yangu inavuma hezi 50 mchana na usiku, na fundi wa Igoma ameiponya kwa kukata waya wa ethi kwenye plagi!

Mvuvi wa Igombe: Chomoa plagi hiyo sasa hivi, mdogo wangu, na usiiwashe mpaka waya wa ethi urudishwe. Sabufa ikipata hitilafu ndani, umeme utapanda kwenye bodi lake la chuma, na wewe utaligusa. Mvumo hutafutwa kwa kuchomeka sabufa na ampu kwenye soketi moja na kuondoa waya za sauti mmoja mmoja.

Mama Sauti: Wa Igoma ni yule mwenye kaunta ya kijani? Spika zangu bado anazo.

Jiwe Kubwa: Zangu pia.