Naomba ushauri: kuchora mti wa ukoo wa shomoro na Emberiza

Wadau wa ndege, naombeni msaada. Nafundisha biolojia kidato cha sita, nataka wanafunzi wachore mti huu. Shomoro wa nyumbani, Passer domesticus, yuko familia ya Passeridae. Zonotrichia, jenasi ya ndege wadogo wa Amerika wanaofanana na shomoro, wako Passerellidae, familia iliyotengwa na Emberizidae baada ya DNA kuonyesha ni matawi tofauti. Emberiza flaviventris, ndege mdogo mla mbegu wa huku kwetu, amebaki Emberizidae. Kinachonitatiza hasa ni Passerina cyanea, yule wa buluu wa Amerika: mdomo mnene wa kuvunja mbegu kama wa Emberiza, kumbe ni wa Cardinalidae! Niwaonyesheje kwamba chakula kinaweza kufananisha midomo ya ndege wasio ndugu wa karibu? Ipo sifa ya mwili inayowatofautisha, au nitegemee DNA tu?