Mrejesho: Ile Hilux ya 3L niliyoomba ushauri

Wakuu, wiki iliyopita niliwauliza kuhusu pikapu ya Toyota Hilux ya 1996, injini ya dizeli aina ya 3L, niliyotaka kuinunua Morogoro kwa kubebea mpunga. Mliniambia niende asubuhi injini ikiwa ya baridi, maana ikishapata moto huficha shida ya kuwaka, tena nisiende bila fundi wangu. Nawashukuru sana. Nilifika saa moja nikagusa boneti, ya moto! Muuzaji alishaiwasha. Tukakaa tukaisubiri ipoe mpaka saa nne.

Ilipowashwa tena ikakamata kwa shida, moshi mweupe mzito. Fundi akafungua mfuniko wa oili injini ikinguruma, hewa ikawa inasukuma kwa nguvu kutoka ndani. Akasema ringi za pistoni zimechoka. Maji ya rejeta yalikuwa safi, hayana oili.

Kilichonikata maini ni chesisi, ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari zima. Juu bodi inang'aa kwa rangi mpya, lakini chini, karibu na springi za nyuma, fundi aligongagonga kwa nyundo, kutu ikamwagika na bisibisi ikazama. Sehemu nyingine pamechomelewa bamba kisha pakapakwa lami ili pasionekane. Injini ningeifungua nikaitengeneza upya. Chesisi iliyooza, na juu yake magunia kumi, hapana, ningeua watu barabarani.

Namba ya chesisi ililingana na ya kwenye kadi, hapo muuzaji hakunidanganya.

Sijalipa hata shilingi. Jumamosi naenda kuangalia nyingine Dumila, na mwenye gari nimemwomba asiiwashe kabla sijafika.